Gunia la Magome ya Mweria

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya Julai. Nilikuwa msichana, nimeajiriwa juzi tu katika maabara ndogo ya kupima dawa za mitishamba hapa Meru mjini. Mama Wanja, mganga wa mitishamba kutoka Kibugu, alikuwa ametuletea gunia la magome ya mti wa mweria yaliyosagwa, ile dawa wazee hunywa wanaposumbuliwa na mkojo. Mama huyo alikuwa mcha Mungu, hana hila hata kidogo. Lakini Julai ya Kibugu unaijua, jua linachungulia tu na kurudi kulala. Gome unaliona limekauka nje, kumbe ndani lina maji.

Nikachota kijiko kimoja juu ya gunia. Mkubwa wangu, Mzee Mutegi, akaniangalia kama mtu aliyeona nyoka.

"Kendi, unapima gunia ama unapima mdomo wake?"

"Lakini Mzee, si ni unga mmoja?"

"Nani amekuambia? Hata pale sokoni Gakoromone, mwenye kununua mahindi huchoma gunia na bambo, kile chuma chenye mfereji, mpaka chini. Yeye anaogopa ugali mbaya. Wewe huogopi kitu?"

Niliona haya, wacha tu. Tukachoma gunia juu, katikati na chini, kila unga ukawekwa kwenye kisahani chake cha kuoteshea kuvu, tukangoja siku kadhaa. Kazi ile haitaki pupa. Tulipima pia nguvu ya dawa, maana gome la mti mzee na la mti mchanga si sawa, na kijiko cha leo lazima kilingane na cha kesho, la sivyo mgonjwa anabahatisha.

Tulipofungua visahani, unga wa juu ulikuwa safi. Wa chini ulikuwa umeota kuvu ya kijani. Mzee Mutegi akasema kuvu kama ile huweza kutoa sumu inayokula ini. Nikampigia simu Mama Wanja. Akapiga yowe. "Uuwi, Kendi! Baba yako nilimpatia mkebe Jumapili, nilipokuja kanisani kwenu Kaaga."

Baba! Nikapiga simu yake: mteja hapatikani. Nikapiga tena, vile vile. Kutoka mjini hadi kwetu Kaaga nilienda nusu nikikimbia, nusu nikiomba, nikimwona baba akilini ameanguka jikoni peke yake.

Nilimkuta ameketi nje, kikombe mkononi, mkebe umefika nusu.

"Baba, unakunywa dawa ambayo haijapimwa!"

Akanishangaa. "Nilimuuliza Mama Wanja kama imepimwa. Akaniambia iko maabara, kwako wewe. Basi mimi nikajua yamekwisha."

Nikamnyang'anya kikombe, nikampeleka hospitali. Alitapika, akakonda, daktari akawa anampima ini kila mara, na sisi nyumbani hakuna aliyelala vizuri. Alipona, Mungu ni mwema. Mama Wanja alilimwaga gunia lote shimoni kwa mkono wake mwenyewe, akilia.

Sasa wewe. Nimeona chupa zako za dawa unazouza kwenye simu, na ile stika eti "imepelekwa maabara". Majibu yako wapi? Ondoa hiyo stika, mwanangu, ninakusihi, roho yangu haitulii. Kuuliza si ujinga, lakini mtu akichoshwa na maumivu haulizi mara mbili; mfa maji hukamata maji. Muulizie wewe. Kausha mpaka ndani, pima kila gunia, si lile la mwaka jana, na chupa isitoke nyumbani kabla ya majibu. Wateja wakienda kwa mwingine, waende. Utapata wengine. Baba wa mtu hapatikani tena.

Haya, njoo nikuombee. Mungu akupe mkono msafi na moyo wa kungoja. Na kila atakayekunywa kilichotoka mkononi mwako, aamke asubuhi, awashe moto wake, anywe chai na watoto wake.