Mgeni Asiyekula Njugu

Mama yangu ni mwoga. Nasema hivyo kwa heshima zote, na mwenyewe hakatai. Anaogopa mbwa, anaogopa radi, anaogopa hata jiko la gesi analolipikia miaka nenda miaka rudi. Akiwasha kiberiti hugeuza uso pembeni kama mtu anayesubiri kofi. Mimi nilikuwa nikimcheka. Nilidhani nayajua yote anayoyaogopa, kumbe lile kubwa kuliko yote lilikuwa mbele ya macho yangu na sikuliona mpaka asubuhi ya mashindano ya kwaya.

Nyumba yetu ni ya wageni. Ina vyumba vinne na sebule yenye meza mbili. Mgeni analala, asubuhi anapata kifungua kinywa, basi. Chakula cha mchana na cha jioni ajitafutie. Mwenye nyumba ni shangazi, dada wa marehemu baba, na yeye ndiye mdomo wa nyumba. Anapokea wageni, anawauliza wanakula nini na hawali nini, anawaelekeza pa kupata samaki wa kukaanga jioni, siku gani kuna soko kubwa, mpira unachezwa saa ngapi, na kama kuna harusi ambayo mgeni anaweza kuchungulia bila kufukuzwa. Nusu ya anayosema hana uhakika nayo, lakini huyasema kwa sauti ya mtangazaji wa redio, na wageni wanampenda. Mama ndiye mikono ya nyumba. Yuko jikoni tangu alfajiri na wageni wengi huondoka bila kumwona.

Kati ya sebule na jikoni kuna kidirisha cha kupitishia sahani. Shangazi hana habari na kuandika. Mgeni akishasema lake, anageuza shingo na kupaza sauti: "Wifi! Wa chumba cha kona mayai yasiwe na kitunguu!" Na kutoka ndani mama anajibu, "Nimesikia!" Ndivyo kazi ilivyokwenda tangu mimi niko chekechea.

Mama hakuzaliwa huku. Kwao ni mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, na Kiswahili cha kwao kina maneno yake. Alipoolewa aliomba limau akaita ndimu, na ukoo mzima ukapata burudani. Mawifi walimwita Bi Ndimu hadi nilipozaliwa mimi. Shangazi mpaka leo akitaka kuchangamsha wageni huiga namna mama anavyotamka baadhi ya maneno, na mama hucheka pamoja nao kwa kutoa kichwa kwenye kidirisha. Utani wa mawifi, nani atakasirika?

Sifa kubwa ya mama ni uji. Wageni huusifu kwa barua na kwa simu. Shangazi huwaambia ni maziwa mazito tu, na kwa kweli ndivyo alivyoamini. Siri ilikuwa yangu na mama: kabla hakujapambazuka huchukua karanga, anazikaanga kidogo, anazitwanga mpaka zinakuwa laini kama unga wa keki, kisha anazimimina ujini. Huwezi kuziona wala kuzitafuna. Mama aliiona siri hiyo kama mali yake pekee katika nyumba ile, na mimi sikuwa na sababu ya kumnyang'anya.

Yule mgeni alikuja jioni ya kuamkia mashindano, binti mwembamba, mwimbaji wa mbele wa kwaya moja ya mbali. Wenzake walilala kwenye madarasa ya shule. Yeye walimleta kwetu apumzishe koo. Tulimpa jina la Sauti, kwa sababu hata akipiga mswaki alikuwa akiimba puani. Shangazi alimuuliza maswali yake ya kawaida, na binti akajibu bila mzaha, "Mama, mimi sili njugu. Hata kidogo. Nikila zinanifunga koo. Niliwahi kulazwa, karibu nife."

Shangazi akageuza shingo. "Wifi! Huyu binti hali njugu!"

"Nimesikia!"

Mimi wakati huo nilikuwa uani naanua mashuka. Sikusikia neno.

Asubuhi Sauti alikunywa chai ya rangi na kipande cha mkate. Alisema kwamba akiimba na tumbo lililojaa, pumzi inamkatika. Kwa shangazi, mgeni kutoka na njaa ni aibu ya kumfuata mpaka kaburini. Akachukua chupa ndogo ya chai, akaijaza uji, akamfungia kikombe cha plastiki kwenye kitambaa. "Ukikaribia kupanda jukwaani piga mafunda mawili, koo lilainike," akamwambia. "Pita njia ya nyuma ya soko, utafika mara moja. Na zima simu ukifika, wale wa ukumbini ni wakali." Binti akambusu shavuni, akaondoka na gauni lake la bluu la kwaya.

Niliingia na kapu la nguo nikamkuta shangazi anafuta meza na kujisemea. "Maskini ya Mungu, msichana mzuri vile, eti hali njugu, zinataka kumuua. Angalau nimemfungia uji wa wifi."

Kapu lilinitoka mikononi. Nasema kweli, niliuona mkono wangu umeachia na sikuweza kuurudisha.

"Uji gani, shangazi?"

"Uji! Kwani kuna uji gani mwingine humu?"

Nikakimbilia jikoni. Mama alikuwa anaosha kinu. "Mama, yule mgeni hali njugu!"

"Najua," akasema kwa utulivu. "Niliambiwa jana. Mimi sina njugu humu ndani, tangu wifi aliposema zinamjaza gesi sijanunua tena."

Ndipo nilipoelewa. Kwao mama, njugu ni zile za mviringo, ngumu kama kokoto, ambazo huchemshwa nusu siku ndipo ziive. Hizi nyingine ni karanga, na ni karanga tu, hazina jina la pili. Mimi nimekulia katikati ya maneno yote mawili, na hata siku moja sikuwahi kufikiri kwamba kwa mama ni vitu viwili tofauti.

"Mama, hapa njugu ni karanga! Wanaita karanga njugu!"

Alinitazama kwanza kama hajanisikia. Halafu macho yakaenda kwenye kinu. Halafu kwenye kabati ambapo ile chupa ndogo hukaa, na haikuwepo. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika rangi namna ile. Alitoka kwa mlango wa nyuma na aproni yake, ndala miguuni, mikono inadondosha maji, akakimbia.

Nilimfuata. Shangazi nyuma yetu alikuwa amekwishapiga simu na nilimsikia analia: "Haipatikani! Wifi, haipatikani!"

Njia ya nyuma ya soko ni ya matope na siku ile ilikuwa na watu kama siafu, maana kwaya zilikuwa zimetoka kila upande na sare zao. Kila gauni la bluu nililoliona moyo ulinipasuka. Mama aliwapita wauza nyanya, akamkumba mtu mwenye trei ya mayai, hakugeuka. Kulikuwa na mbwa wawili wanagombania mfupa katikati ya njia. Alipita katikati yao. Ndala moja ilikatika akaiacha. Mimi nilikuwa nasali bila mpango, nachanganya dua na matusi, namwomba Mungu binti asiwe amesikia kiu, asiwe amesikia njaa, amsahau shangazi na mafunda yake.

Mlangoni pa ukumbi alisimama jamaa mwenye beji kifuani na kimo cha kabati. "Wanaimba. Mlango haufunguliwi mpaka wamalize."

"Kaka, kuna mtu anakufa," nikasema.

"Kila mtu leo ana sababu."

Mama yangu, ambaye akidaiwa nauli mara mbili hulipa ili asibishane, alimkamata yule mtu shati kwa mikono miwili. "Fungua! Nimemlisha sumu! Mimi ndiye niliyempikia, fungua!" Ukelele ule uliisimamisha kwaya iliyokuwa jukwaani. Mlinzi akafungua, nadhani kwa woga.

Tulimkuta nyuma ya jukwaa amekaa kwenye benchi, wenzake wamemzunguka na sare zao za bluu. Chupa ilikuwa wazi. Binti alikuwa anajikuna shingo na midomo yake ilikuwa imevimba kama ya mtu aliyeumwa na nyuki. Alikuwa akijaribu kukohoa na kikohozi hakitoki. Na wenzake, masikini, walidhani ni kiwewe cha jukwaa. Mmoja alimshika kichwa, mwingine alimwekea kikombe mdomoni: "Kunywa tena, mpenzi, koo lilainike."

Mama alikipiga kile kikombe. Uji ukatapakaa kwenye magauni yao, na mtu akapiga kelele kwamba huyu mama ni kichaa. Mama alimbeba binti mgongoni kama anavyobebwa mtoto, na sijui nguvu ile aliitoa wapi, maana hata ndoo ya maji humnyanyulia mimi.

Dereva wa kwaya alituwahisha hospitali. Mimi nilikaa mbele. Nyuma nilisikia pumzi ya yule binti, nyembamba, inavuta kama filimbi iliyoziba, na kila baada ya pumzi palikuwa na kimya. Katika kila kimya nilishika dashibodi. Mama alikuwa anamwambia, "Vuta, mwanangu. Vuta tena. Tena." Nilitaka kugeuka nimwone na sikuthubutu.

Muuguzi alitupokea, akauliza haraka, "Amekula nini?"

Mama alifungua mdomo, neno likamgoma. Muuguzi akarudia kwa ukali, "Mama, amekula nini?"

"Karanga," mama akasema. "Njugu. Ni kitu kimoja. Naambiwa ni kitu kimoja."

Wakamchoma sindano pale pale mlangoni, wakamwingiza ndani, pazia likavutwa.

Tulikaa kwenye benchi la korido. Shangazi alifika akiwa hana kilemba, sijawahi kumwona hivyo nje ya nyumba. Aliketi upande wa pili wa mama. Shangazi, kwa sababu kukaa kimya kunamuua, akaanza: "Wifi, lakini hata ungeniuliza tu. Njugu gani. Neno moja."

Mama alikuwa anatazama mguu wake usio na ndala. "Nikikuuliza mnacheka," akasema.

"Si utani tu, wifi."

"Najua. Ndiyo maana siulizi. Siku hizi nisipoelewa najibu tu kwamba nimesikia. Kisha nakisia."

"Siku hizi tangu lini?"

Nilimwona shangazi anavyohesabu kichwani, kama nilivyokuwa nikihesabu mimi: wageni wote waliopita kwenye zile meza mbili, wenye sukari, wenye vidonda vya tumbo, wajawazito, watoto wachanga, na kila mmoja alipaziwa sauti kupitia kidirisha, na ndani mwanamke mmoja alikuwa akikisia. Nilikuwa nimeogopa kwa ajili ya mtu mmoja. Sasa niliogopa kwa ajili ya watu ambao hata siwakumbuki nyuso. Na utani ule, nimeucheka mimi pia.

Daktari alitoka akasema binti amepona, ila atalala pale wamwangalie. Shangazi alilia kwa sauti. Mama hakulia. Aliuliza kama uji uliobaki mdomoni mwa binti wameusafisha, akauliza tena, mpaka daktari akamshika bega.

Nyumbani mama alinitaka nitupe kinu na mchi. Alisugua jiko, masufuria, kuta, vipini vya milango. Kisha akavua aproni akaitundika, akasema hatapika tena. Shangazi aajiri mtu anayejua maneno.

Kesho yake asubuhi Sauti alikuja kuchukua begi lake. Kwaya ilikuwa imekwishaimba bila yeye, na haikushinda. Uso bado ulikuwa na uvimbe kidogo na sauti imekwaruza. Alikuwa na dawa mkononi ndani ya bahasha. "Wameniambia nisinywe na tumbo tupu," akasema. Hakukaa sebuleni. Alikuja moja kwa moja mpaka mlango wa jikoni, akasimama hapo. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani.

"Mama," binti akasema, "naomba unipikie chochote."

"Mimi? Hapana, mwanangu. Mimi hapana."

"Nitasimama hapa nione."

Shangazi alikuwa nyuma yake na, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alifunga mdomo. Mama aliinuka polepole. Alichukua sufuria, akampa binti ainuse. Alichukua unga, akamwonyesha kwenye kiganja na kuuliza, "Huu kwenu mnaitaje?" Binti akamwambia. Akamwonyesha sukari, akauliza hivyo hivyo. Akamwonyesha chumvi, maji, mwiko. Kila kitu kilitajwa na wote wawili kabla hakijaingia sufuriani, na hakuna aliyecheka. Alipowasha kiberiti aligeuza uso pembeni.

Uji uliiva. Mama akajichotea kwanza, akanywa. Halafu akajaza kikombe, akakishika kwa mikono yote miwili, akampa binti. Binti alikitazama kikombe, akamtazama mama, na niliona jinsi alivyotaka kukirudisha.

Akanywa funda moja dogo. Sisi watatu tukabaki tunaitazama shingo yake.