Sauti ya Pili

Kila ninusapo nta, nalikumbuka kanisa letu la zamani, njia ya Ipole, nyuki wamejenga kwenye paa. Waumini walikuwa wametawanywa kwenye vijiji vya ujamaa, wengine huku, wengine kule. Jumapili moja bibi alinishika mkono, tukarudi huko kwa miguu, tukalikuta tupu. Akasimama upande wa wanawake, mahali pake pa kwaya, akaanza wimbo kwa sauti ya pili tu.

"Bibi, mimi niimbe ya kwanza?"

"Hapana, mjukuu wangu. Ile ina wenyewe."

Akaendelea. Alipofika pale wanaume wanapoimba peke yao, akanyamaza. Tukabaki tukisikiliza nyuki mpaka wanaume walipomaliza. Kisha bibi akaingia, wala hakuchelewa.