Jeni ya maziwa ninayo, imezimwa tu: jinsi nilivyoponea kukosa mke Kakuma

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Hii hadithi nimekaa nayo tangu 2013. Kila nikianza kuisimulia, watu wanacheka kabla sijafika katikati, halafu mmoja ananiambia "pole, ungezoea tu." Leo naiandika hapa ambapo hakuna wa kunikatiza. Chumvi sitatia. Majina nimebadilisha kwa sababu wakwe nao wana simu siku hizi.

Mimi ni mwalimu wa Biology, mtu wa Bungoma. Mwaka wa 2012 nikatumwa kufundisha sekondari Lodwar.

Joto nililizoea. Vumbi nikalizoea. Hata ile hali ya kuoga na kutoka jasho kabla hujavaa shati nikaizoea. Kilichonishinda ni maziwa.

Kwenye mashindano ya muziki ya shule nikakutana na Nakiru, mwalimu wa primary pale Kakuma. Mrefu, mkali, hacheki ovyo, lakini akicheka unasahau ulikuwa unasema nini. Tukaelewana haraka. Kilichobaki ni kwao kunikubali.

Babake alifariki zamani. Mwenye usemi ni Mzee Ekai, kaka mkubwa wa marehemu, na boma lake liko ng'ambo ya mto mkavu, nje kidogo ya mji wa Kakuma. Mamake Nakiru anaishi hapohapo.

Siku ya kwanza nikafika nimevaa vizuri, nimebeba sukari na majani chai. Tukajuliana hali kwa Kiturkana: "Ejok?" "Ejok noi." Tukakaa. Mzee akaita, kikaletwa kibuyu cha maziwa ya ngamia, yametoka kukamuliwa, bado yana joto la mnyama.

Kwa boma lile, mwanaume anayetaka binti yao hunywa walichokamua siku hiyo, mbele ya watu. Ndivyo unavyojulishwa kwa mifugo. Huonji. Unakunywa.

Nikanywa. Matamu, siwezi kudanganya.

Safari ya kurudi Lodwar nilimsimamisha dereva mara nyingi mpaka akaniuliza kama kuna kitu nilidondosha njiani ninakitafuta. Na ile barabara haina vichaka vya maana. Mnanielewa.

Mara ya pili, maziwa ya mbuzi. Matokeo yale yale.

Mara ya tatu nikajaribu ujanja, nikala ugali mwingi kabla ya kwenda ili maziwa yakute tumbo limejaa. Msijaribu.

Kabla mjuaji mmoja hajaniuliza "mbona chai ya maziwa unakunywa," ndiyo, nakunywa. Kikombe kimoja chenye maji nusu kinapita. Kibuyu kizima cha maziwa mabichi hakipiti. Ni suala la kiasi. Tuendelee.

Mimi nilijua tatizo ni nini, kwa sababu nilikuwa nalifundisha darasani. Kwenye maziwa kuna sukari inaitwa laktosi. Ili tumbo liimeng'enye linahitaji kimeng'enya kinachoitwa laktasi. Jeni ya kutengeneza hicho kimeng'enya kila mtu anayo. Kila mtu! Kwa mtoto mchanga inawaka, ndiyo maana ananyonya na kulala. Akishaachishwa ziwa, kwa watu wengi duniani ile jeni inazimwa polepole. Haiondoki wala haiharibiki. Iko palepale, ila seli za utumbo zinaacha kuisoma.

Wengine wana tofauti ndogo kwenye DNA, jirani tu na ile jeni, sehemu inayofanya kazi kama swichi. Kwao haizimwi, inawaka mpaka uzeeni. Hali hiyo ni ya kawaida zaidi kwa jamii ambazo zimeishi na mifugo tangu enzi na enzi.

Nikapiga hesabu yangu: Waturkana ni wafugaji, swichi zao zimewashwa. Mimi ni mtoto wa mahindi, yangu imezimwa. Kesi imeisha.

Ziara iliyofuata nikakataa kibuyu. Kwa heshima, mikono miwili, nikaomba samahani.

Wakuu, hata mbuzi waliacha kulia.

Mzee Ekai anajua Kiswahili cha sokoni, alikuwa akipeleka mifugo Lodwar. Akaniuliza, "Wewe nadharau mifugo yangu, ama wewe iko mgonjwa?"

Hapo mtu mwenye akili angesema "tumbo linaniuma leo." Mimi ni mwalimu. Nikasema si dharau na si ugonjwa, ni mambo ya jeni, kitu ambacho mtu anazaliwa nacho.

"Nazaliwa nayo," akarudia. "Iko ndani ya damu?"

Nikasema ni kama hivyo.

"Na watoto napata?"

Nikasema wanaweza.

Basi. Akanyanyuka, akachukua kile kiti chake kidogo cha mbao, akaenda. Nakiru akanisindikiza mpaka barabarani.

Baadaye akanieleza, na hapa ndipo nilipoacha kumkasirikia yule mzee. Ukame ulikuwa umepita juzijuzi tu. Mahindi hayakuwepo, pesa haikuwepo, na watoto wa boma lile waliponea kwa maziwa ya ngamia waliobaki. Mzee alikuwa akijiuliza swali moja: mtoto asiyeweza maziwa, ukame ukirudi, atakula nini? Akasema hataki kuoza binti kwa mtu atakayemzalia watoto wa kuzika.

Ungejibu nini hapo?

Nikarudi Lodwar nimevurugwa. Halafu washauri wakaanza.

Naibu wa mwalimu mkuu: "Kunywa kidogo kidogo kila siku, mwili utajifunza." Nikamwambia jeni haisomi kwa mazoezi kama mtahiniwa. Akanijibu yeye alizoea pilipili.

Pasta akaniombea. Nilishukuru, lakini ile ya kuniwekea mkono tumboni mbele ya kwaya nzima haikuwa lazima.

Mama yangu kwa simu kutoka Bungoma: "Wamekulisha kitu. Rudi nyumbani, wasichana wako hapa." Nikamweleza habari ya swichi kwa muda mrefu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hiyo swichi nani alizima? Si ndio hao?"

Nilikuwa nimechoka, wakuu. Kuchoka kabisa. Mtu anaweza kufundisha chembe za urithi kwa vidato vinne na asiweze kumweleza mamake mzazi.

Aliyenisaidia kidogo ni rafiki yangu Deng, kijana wa Sudan Kusini mwenye duka la nguo ndani ya kambi ya wakimbizi pale Kakuma. Tulijuana kanisani. Nilipomweleza akacheka mpaka akafunga duka.

"Mwalimu, sisi ni watu ya ng'ombe," akasema. "Ng'ombe ndio jina yetu, ndio wimbo yetu. Na mimi tumbo yangu nakataa maziwa fresh. Ndugu yangu nakunywa, mimi hapana. Nangoja iwe kali."

Hilo lingenifanya nifikirie upya hesabu yangu ya wafugaji. Halikunifanya. Nilichoona siku hiyo ni mifereji ya maji ya kambi. Akina mama walikuwa wamepanga mitungi mbele ya mfereji uliofungwa, wanangoja saa ya kufunguliwa. Mfereji upo, bomba lipo, maji yapo, ila aliyeshika valvu hajafungua.

Nikasema hii ndiyo nitampelekea mzee.

Nikamsumbua Nakiru mpaka akaniombea kikao cha mwisho. Alikubali kwa shingo upande, nami nikadhani amechoka nami.

Tukakaa chini ya kivuli: Mzee Ekai, wazee wenzake, mamake Nakiru pembeni kidogo, na Nakiru wa kutafsiri.

Nikaeleza. Kila mtu anazaliwa na mifereji miwili ya maziwa, mmoja kutoka kwa baba, mmoja kutoka kwa mama. Utotoni yote iko wazi. Ukubwani, kwa wengine inafungwa, kwa wengine inabaki wazi. Yangu imefungwa. Lakini mfereji mmoja ukiwa wazi, mtungi unajaa. Watoto wetu wakipata mmoja tu ulio wazi kutoka kwa Nakiru, watakunywa maziwa mpaka uzee.

Wakuu, mzee alielewa! Akauliza maswali mazuri kuliko darasa langu lote. Nani anafunga? Mbona mfereji wa kwenye ini haufunguki, wakati nimesema upo mwili mzima? Nikamwambia ndiyo hivyo, kila seli inao, ila ni seli za utumbo tu zinazoufungua. Akatikisa kichwa kukubali, akawaeleza wenzake kwa Kiturkana, nao wakaitikia.

"Basi," akasema, "kama ya huyu msichana iko wazi, hakuna maneno."

Mimi tayari nimeshaoa kichwani.

Nakiru alipaswa kuwatafsiria wazee hilo. Hakutafsiri. Akamwangalia mamake, mamake akainamisha macho. Kisha Nakiru akaongea Kiturkana, maneno machache tu.

Akanigeukia. "Nimewaambia mimi pia siwezi."

"Huwezi nini?"

"Maziwa. Tangu nikiwa mdogo. Yangu imefungwa."

Sasa naomba mniruhusu nipumue.

MWAKA MZIMA! Mwaka mzima huyu dada ananitazama nikibugia vibuyu kwao, ananisindikiza nikiwa nimejikunja, ananiletea maji ya chumvi na sukari, na anajua! Kwangu kila akija anakunywa chai ya rangi, nikimuuliza anasema ndivyo anavyopenda. Na hesabu yangu yote niliyojenga juu ya "Waturkana swichi zao zimewashwa" imeanguka hapo mbele ya wazee. Nilitaka kupiga kelele. Nadhani nilipiga kidogo.

Lakini nilipomwona mzee anageuka kumwangalia mamake Nakiru, kelele zikaniisha.

Ilikuwa ni ile sura ya mtu anayehesabu upya mambo ya zamani. Nikaelewa kwa nini walificha. Kwa boma lile, mtoto ambaye tumbo lake linakataa maziwa ya kwao, swali la kwanza ni kama kweli ni wa kwao. Mume wa yule mama alikuwa mtu wa kusafiri na mifugo. Amekufa, hawezi kumtetea. Kwa hiyo mama alimlisha binti kimyakimya maziwa makali yaliyotikiswa, ngakibuk, ambayo kuchacha kumeshapunguza laktosi yake, na bweni likamchukua mapema, hakuna aliyeona.

Na mimi na mfereji wangu ndio tuliomfikisha pale.

Nikasimama. Sikungoja kutafsiriwa.

"Mzee, ngoja. Mtu anaweza kuwa na mmoja wazi na mmoja umefungwa. Anakunywa maisha yake yote, hana habari. Lakini akizaa, anaweza kumpa mtoto ule uliofungwa. Ndugu yako angeweza kuwa hivyo. Mama huyu angeweza kuwa hivyo. Wote wawili wanakunywa, mtoto anazaliwa na miwili imefungwa, na ni wao kabisa. Haikutoka nje. Wewe mwenyewe unaweza kuwa nao na hujui."

"Mimi?"

"Wewe, mzee."

Nakiru akaanza kutafsiri kwa wale wengine. Mmoja wa wazee akasema kitu kwa sauti ya chini. Nakiru akaniambia: anasema kaka yake pia alikuwa hivyo, walimwita mvivu wa kunywa.

Mzee Ekai akamgeukia mama. Akamuuliza kwa Kiturkana, Nakiru akanitafsiria sikioni.

"Ulimlisha nini?"

"Ngakibuk. Na hiyohiyo ikikaushwa."

"Hata wakati wa ukame?"

"Hata wakati wa ukame."

Mzee akamtazama Nakiru kuanzia miguuni mpaka kichwani, na mnakumbuka nilisema ni mrefu. Akasema, kwa Kiswahili, kwa hasira kama vile sisi sote tumempotezea siku, "Sasa si nakula hiyo? Watoto nakula hiyo."

Ikaishia hapo. Mchoro wangu wa DNA niliokuwa nimeuviringisha kwapani haukufunguliwa hata.

Nilimkasirikia Nakiru kwa muda, sitaficha. Tuligombana njia nzima. Nikamuuliza kwa nini aliniacha niteseke. Akanijibu, "Ulikuwa na uhakika sana juu yetu. Na mimi nilikuwa na mama wa kulinda." Hiyo iliniudhi zaidi.

Somo nililopata: kuwa na jeni ni kitu kimoja, jeni kufanya kazi ni kitu kingine, na kabila la mtu si cheti cha tumbo lake. Walimu wenzangu wa Biology, mkisema "fulani hana jeni ya hiki," mnatupandishia watu presha huko nje.

Walioolea au kuolewa mbali, na madaktari mlioko humu, leteni yenu. Kama nimekosea sayansi nirekebisheni kwa adabu.

Ila kuna kitu sijawahi kumwambia mtu. Tulipokuwa tunaondoka siku ile, mamake Nakiru alinishika mkono. Alikuwa hajawahi kuniambia neno zaidi ya salamu. Majirani walikuwa wameanza kukusanyika kwenye boma, wamesikia kuna maneno.

Akasema, "Mwalimu, ile maneno ya mfereji, ile ya baba ya Nakiru kuwa na moja imefungwa, sema tena. Sema kwa nguvu, hawa wasikie."