Gari la Mioyo Miwili Mlimani Muyenga

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka kama ya jana: siku gari letu lilipogoma katikati ya mlima wa Muyenga, na watu wa Kabalagala wakaacha kuku wao kwenye makaa waje kutucheka. Kaa nikusimulie.

Wakati huo nilikuwa msichana mwenye maneno mengi, nimetoka Kisumu kuja Kampala kutafuta kazi ya nyaya za magari. Niliipata Katwe, katika karakana ya Mzee Kasule, Mganda aliyekuwa ameunda magari ya mashindano tangu ujana wake. Pamoja nami alikuwepo Bahati, kijana Mkongomani kutoka Bukavu, fundi wa injini. Akiisikiliza injini, alifumba macho kama mtu anayesali.

Jioni moja tuliona kwenye televisheni zile mbio ambazo magari hukimbia mchana kutwa na usiku kucha. Magari yenyewe yalitumia petroli na umeme pamoja. Dereva akikanyaga breki, nguvu ambayo ingepotea bure inageuka umeme na kurudi kwenye betri. Akitaka kumpita mwenzake, anaitumia. Mzee akajipiga paja. "Bannange! Hii Kampala iko na milima kila mahali. Ukishuka unaweka, ukipanda unakula. Tutengeneze yetu!"

Basi tukaunda gari la mbio la viti viwili, la mfano tu, la kuonyesha kinachowezekana. Mabati yake tuliyakunja kwa nyundo palepale Katwe. Injini ndogo ya petroli ilisukuma magurudumu ya nyuma, mota ya umeme ikavuta ya mbele. Tulikusudia kulipeleka kwenye maonyesho ambako kila gari lingepanda mlima mbele ya watu. Na kulikuwa na jambo lililotuhimiza zaidi. Macho ya Mzee yalikuwa yanafifia, na daktari alikwisha kumwambia hayatapona. "Nataka nione hii gari inapanda," alituambia, "kabla giza haijanifikia."

Lakini wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Bahati aliona injini yake ndiyo gari, mota ni pambo. Mimi niliona injini yake ni kelele tu. Tuligombania sifa ambazo hakuna aliyekuwa ametupa bado, hata tukaacha kusalimiana. Akitaka spana iliyo mkononi mwangu, aliuomba ukuta.

Siku ya kulijaribu, Bahati alishika usukani, mimi nikakaa kando yake na swichi ya mota. Mzee alitufuata kwa bodaboda. Tulipopanda kutoka Kibuye kwenda Makindye nilifungulia umeme wote, watu waone mota inavyovuta. Tukafika juu kama mshale, betri ikiwa imebaki hohehahe. Kushuka kuelekea Kabalagala, Bahati hakukanyaga breki anirudishie umeme. Alishuka kwa gia, injini ikiunguruma, ilimradi betri yangu isipate kitu. Nami nilikaza shingo nikatazama dirishani.

Muyenga haikutusamehe. Injini peke yake ikakohoa, ikakohoa tena, ikazima. Mota ikalia kama mbu, ikanyamaza. Tukaanza kurudi nyuma polepole mpaka muuza chapati mmoja akatuwekea jiwe nyuma ya gurudumu. Vicheko, mwanangu, sijapata kuvisikia tena vya namna ile!

"Ni injini yako!" nikamfokea.

"Hapana, dada! Ni betri yako iko bure!"

Mzee alishuka kwenye bodaboda, akaja akilipapasa gari ubavuni hadi akafika dirishani. Hakupaza sauti.

"Bahati, mwana wa Bukavu. Na wewe, nnyabo, dada wa Kisumu. Hii gari iko na mioyo mbili, na hizo mioyo hazigombani. Nyinyi ndiyo munagombana. Ile magari tuliona kwa televisheni, munafikiri inashinda sababu ya haraka tu? Inashinda sababu ya kupeana. Moja inachoka, ingine inashika. Mimi nilikuja kuona gari inapanda. Munanionyesha watu wawili wamefunga midomo."

Tuliinamisha vichwa. Kisha Bahati akanigeukia. "Dada, unisamehe. Ukitaka umeme, uniambie, nitakanyaga breki."

"Na wewe ukitaka nguvu, niambie," nikamjibu. "Sitaimaliza mapema tena."

Injini ilipopoa tukarudi taratibu hadi Makindye, ambako mlima si mkali sana, tukageuza, tukaanza kushuka upya. "Inaingia?" Bahati akauliza. "Inaingia! Kanyaga kidogo tena!" Tulipofika chini, betri ilikuwa imeshiba. Mlima ukaanza. "Umeme?" nikamuuliza. "Bado..." "Bado?" "Sasa!" Gari likainua pua, likapita pale lilipogoma, likapita jiwe la muuza chapati, na waliotucheka wakatukimbilia wakipiga vigelegele. Kule juu Mzee alikuwa ametangulia, amesimama na mikono kichwani.

"Naiona!" alipiga kelele. "Kale! Sawa, naiona kabisa!"

Bahati alilia waziwazi. Mimi nilisingizia vumbi.

Kwenye maonyesho tulipanda mlima ule wa mashindano bila shida, ingawa kikombe kilichukuliwa na gari lenye rangi nzuri kuliko letu. Mgeni mmoja alipouliza ni fundi yupi aliyeliunda letu, Mzee alituvuta wote wawili mbele, mmoja kila mkono, akakataa kutaja jina moja. Wengi walidhani tutaoana. Hatukuoana, yeye alioa binti wa Jinja, nami nikampata baba yenu. Lakini karakana tumeiendesha pamoja hadi leo, na Mzee, hata baada ya macho kuzima kabisa, alikuja kila asubuhi kusikiliza kama tunaongea.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu, wewe uliyemnunia mwenzako wa kazi: kidole kimoja hakivunji chawa. Usimnyime mwenzako nguvu kwenye mteremko ukatarajia akubebe mlimani. Ukichoka, sema. Akichoka, mshike. Na mkikosana, mmoja afungue kinywa kwanza. Si lazima awe mwenye kosa.

Mungu akupe pumzi ya safari ndefu, akupe na mtu wa kukuuliza, "Bado?" nawe uwe na nguvu ya kumjibu, "Sasa!"