Saidi, manjanja uliyoweka chini ya miguu ya dada yangu

Siamini bado kwamba Saidi wa garaji yetu hapa Kindu hayupo. Tulimzika jana alasiri, na nimerudi nyumbani na hasira yangu yote.

Wengi mlimjua kama fundi wa bodi za magari. Mimi nilikuwa mwenzake tangu miaka ya vita: mimi napima na kuandika, yeye anakata na kuunga.

Wakati ule treni haikufika, chuma hakikupatikana. Tulipasua mapipa ya mafuta. Katika daftari langu nimeandika: mlango, milimita moja au pungufu kidogo; sakafu, moja na nusu; manjanja, yaani mabati ya kuezekea nyumba, hapana kabisa.

Ni yeye aliyesema: "Manjanja inazuia mvua, haibebe muntu."

Tulikuwa na sheria moja. Hakuna kupaka masitiki ya kuziba na kulainisha kabla mwenzako hajagonga chuma kikiwa kitupu, asikie sauti yake. Alinicheka sana! "Munganga wa chuma, kuya upime mugonjwa!"

Mwaka jana nilimletea bamba zito la sakafu ya gari langu. Niliporudi, kazi imekwisha, rangi imekauka.

"Mbona hukuniita?"

"Weye na daftari yako! Ni mimi, ndugu yako. Enda."

Nikaenda.

Kwenye njia ya Pangi sakafu ilipasuka, mguu wa dada yangu Zaina ukatumbukia. Mpaka leo anachechemea. Chini ya masitiki kulikuwa na manjanja, mikunjo yake imenyooshwa kwa nyundo.

Bamba langu lilikwenda kwenye gari la mukubwa mmoja. Saidi hakukana. "Yeye nilimuogopa," aliniambia. "Weye, hapana."

Eh, Saidi! Neno hilo liliniuma kuliko ajali.

Sikukusemesha tena. Ijumaa ulituma mtu aniite. Nikasema nitakuja Jumatatu. Hukunisubiri.

Jana niliposimama mbele ya jeneza la msikiti, lile la chuma uliloliunga mwenyewe, niliinama nikaligonga kwa kidole. Watu wakanitazama. Chuma kinene, hakuna masitiki popote.

Kumbe ulijua kuchagua. Hata wafu uliwachagulia vizuri.

Nimekubeba mpaka mwisho, na sijakusamehe. Ungeniogopa kidogo tu, rafiki yangu.

Lala salama, Saidi. Chini yako sasa kuna udongo wa Kindu. Huo haupasuki.