Hakuna Medali ya Kuinama

Hapa Eldoret, mji wa wakimbiaji, huwezi hata kukimbia mvua bila mtu kukuuliza umetumia dakika ngapi. Nimeishi hapa maisha yangu yote, nimefundisha darasa la nne miaka ishirini na saba, na sijawahi kushinda mbio zozote. Nilidhani nimesamehewa. Kumbe nilikuwa nasubiriwa kwenye yoga.

Sikwenda kwa kupenda. Mgongo wangu ulikuwa umegoma. Siku moja nilichuchumaa kumkama ng'ombe wangu, na nilipotaka kuinuka nikabaki pale pale, kichwa ubavuni mwake, ndoo kati ya magoti, nikimwita mume wangu aje aninyanyue. Daktari akanipa vidonge, akasema mgongo umekazana kwa miaka mingi ya kusimama na kuinama vibaya. Nitafute mazoezi ya kunyoosha mwili, la sivyo nisahau kukama.

Ng'ombe huyo ni wangu. Nilimnunua mwenyewe akiwa ndama, nikamlea, na Kapseret nzima, kijiji chetu nje ya mji, inajua hivyo. Lakini tangu mgongo ugome alikuwa akikamwa na jirani, ambaye alikuja saa aliyotaka yeye, na kiwele kilikuwa kimeanza kuvimba. Mzee wangu hakami. Anaendesha trekta, anashona viatu, anaweza kumvuta ndama aliyekwama wakati wa kuzaliwa, lakini kukama anasema mikono yake haikuumbiwa kazi hiyo. Mama yake alikama, dada zake walikama, mimi nikakama. Basi akatoa hukumu huku anakunywa chai.

"Mama, mwisho wa mwezi ujao kama bado hauwezi, tumuuze tu. Kuna mtu wa Cheptiret amemuulizia."

Nilikiweka kikombe changu chini, maana kwa hasira niliyokuwa nayo chai ingemwagika. Jumamosi iliyofuata nikapanda boda mpaka mjini.

Darasa la yoga lilikuwa kwenye ukumbi ulio juu ya duka la mabati, na sakafu yake ya saruji ilikuwa baridi ya kukata nyayo. Mkufunzi alikuwa msichana aliyekuwa mkimbiaji mpaka goti lake likakataa. Kwenye simu aliniambia nije na mkeka wa mazoezi. Mimi nikakata kipande cha turubai la kuanikia mahindi, nikajiona mjanja. Zoezi la kwanza lilikuwa la kuweka mikono na miguu chini na makalio juu. Mikono ikaenda upande wa dirisha, miguu ikaenda mlangoni, na makapi ya mahindi yakanijaa usoni.

Nikaenda dukani. Muuzaji akanionyesha mkeka mnene kama godoro la mtoto, akaapa kwamba ndio mabingwa wanaoutumia. Kila kitu kinachouzwa Eldoret, kuanzia viatu mpaka unga wa uji, kinatumiwa na bingwa fulani. Nikanunua. Nilipojaribu kusimama kwa mguu mmoja juu yake, unyayo ulizama na nikamwangukia aliyekuwa kando yangu. Hapo ndipo mkufunzi akaniambia kwamba mkeka unajaribiwa kwa kiganja: ubonyeze na kuvuta, kiganja kikiteleza uuache, na usipohisi sakafu chini yake pia uuache. Mbona hakusema kabla sijanunua, hilo nalo sijui.

Mavazi yalinisumbua vivyo hivyo. Nilinunua taiti za mtumba, nikajiona kwenye kioo, nikafunga leso kiunoni juu yake, na leso ikanikwaza mara tatu kwa asubuhi moja. Mwishowe nikapata suruali pana ya traki, na safari hii niliinama pale pale kibandani mbele za watu kabla ya kumlipa muuzaji. Mama mmoja wa kanisani kwetu alinipita nikiwa katika hali hiyo, akanisalimia akiangalia pembeni. Acha aseme atakalo. Suruali ambayo hujainama nayo hujaijaribu.

Hayo yote ningeyavumilia. Kilichonichosha ni mwenye duka la jumla, mama wa rika langu aliyehamia huku kutoka upande wa Mlima Kenya, ambaye mkeka wake ulikuwa kando ya wangu. Alikuwa akiwasha saa ya simu kila zoezi.

"Mwalimu, mimi leo nimeshikilia dakika mbili na nusu. Wewe je?"

Wenzake hawakuwa bora. Ukumbi mzima ulikuwa watu wazima waliofumba macho kana kwamba wametulia, huku kila mmoja akimchungulia mwenzake kwa jicho moja aone nani ataanguka kwanza. Mkufunzi alirudia mpaka sauti ikamkauka. "Hapa hakuna medali. Ukiskia uchungu, rudi nyuma kidogo. Sema, hapa nimefika." Sote tulitikisa kichwa kwa adabu, kisha tukaendelea kushindana.

Nami sikuwa malaika. Jumamosi ya tatu niliamua kwamba yule mama lazima ashindwe. Tulishikilia zoezi moja mpaka jasho likadondoka kwenye mkeka, yeye akaanza kutetemeka, mimi nikafurahi, na papo hapo kitu kikalia ka! mgongoni mwangu. Nikalala kifudifudi. Mkufunzi akaja akaketi sakafuni karibu nami, na uso wake haukuwa wa huruma.

"Mwalimu, watoto wako wa darasani wakichoka, wanafanyanga nini?"

"Wanasema wamechoka."

"Na wewe umesema lini mara ya mwisho?"

Nilikasirika. Nilipekua misimu ya kupanda, matanga, uzazi, mitihani, nikatafuta siku hata moja niliyoacha kazi katikati nikasema sasa basi, na sikuipata. Akanitaka niseme palepale, hapa nimefika. Nilisema, na sauti ilitoka kama ya mtu anayeiba.

Wiki moja nililala. Kisha nikarudi na kufanya nusu ya kila zoezi. Yule mama alinishinda kila Jumamosi na akahakikisha nimejua. Iliniuma sana, lakini mgongo ukaanza kulegea.

Mwezi aliousema mzee wangu ukaisha. Mtu wa Cheptiret akafika jioni, jua bado lipo, akiwa na kamba mkononi. Nikamwambia asubiri kwenye ua. Nikavaa suruali yangu, nikaosha kiwele, nikapaka mafuta, nikachuchumaa kama nilivyofundishwa: nyayo chini zote, magoti wazi, mgongo umenyooka. Maziwa yakalia ndooni. Mzee wangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

Ndoo ilipofika nusu, maumivu yakabisha hodi. Niliyatambua. Chuchu mbili zilikuwa zimebaki, mnunuzi ananitazama, na nilijua kwamba nikijikaza dakika chache ng'ombe atabaki wangu, na kesho nitanyanyuliwa tena kama gunia. Nikaachilia chuchu.

"Hapa nimefika," nikasema.

Mtu wa Cheptiret akaanza kukunjua kamba. Mzee wangu akavuta pumzi, tayari kunipa pole.

"Sijasema auzwe," nikamwambia. "Nimesema nimefika. Zimebaki mbili. Kuja umalizie."

Aliangalia mikono yake, akamwangalia mgeni. Mimi niliinuka polepole, nikampisha. Niliogopa kwamba atakataa mbele ya mtu. Nilikuwa na hasira naye, lakini pia nilijua kwamba tangu anioe nimekuwa nikimletea kazi iliyokwisha. Hakuwahi kuiona ikiwa nusu.

Akakunja mikono ya shati. Akachuchumaa, magoti yakilia kama kuni mbichi motoni. Akavuta, hakikutoka kitu. Akavuta tena. Ng'ombe akageuza kichwa kumtazama. Mtu wa Cheptiret akaanza kuikunja kamba yake upya, taratibu.

Mzee wangu akanigeuzia kichwa, akanong'ona ili mgeni asisikie.

"Unashikanga wapi?"

Nilitaka kumpiga na ndoo, na nilitaka kumkumbatia. Miaka thelathini amekunywa maziwa ya mikono yangu, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuuliza.