Cheti cha Nasriya na Kiwanja Changu cha Qurayyat

Ukija Hamriya ukauliza nani anatengeneza eisii za magari, zile za kupozea hewa, vizuri kuliko watu wote Maskati, utaletwa kwangu. Ukiulizwa nani kakwambia, sema Marhoon mwenyewe. Skuli niliiacha darasa la saba, na mwalimu alifurahi kuliko mie. Lakini leo sijisifu, au nitajisifu kidogo tu. Nnamsema Nasriya, mtoto wa ami yangu. Yule ana vyeti, mie nna mdomo, na siku moja cheti chake kilikwama mdomoni mwangu.

Nasriya hakuanzia juu. Alipomaliza skuli alikaa miaka minne kwenye dirisha la duka la kutuma pesa, Ruwi. Akiona watu wamefanya kazi juani miaka ishirini, kila mwezi wanatuma zote, siku wanayorudi kwao hawana hata ya teksi. Akawa anawauliza, "Na wewe umejiwekea nini?" Meneja akamwambia kazi yake kupokea, si kuuliza. Akahama, akaenda benki kujibu simu, akatukanwa na wateja miaka mitatu. Halafu ndo akapata ofisi ya washauri wa fedha Khuwair ya Kusini. Msaidizi tu. Kupanga mafaili na kunyamaza wakubwa wakisema. Kuitwa mshauri mwenyewe, mpaka uwe na cheti, na cheti chenyewe mitihani mitano.

Minne kaifanya miaka sita. Akisomea ndani ya gari, nje ya skuli ya wanawe, anawangojea watoke. Mie nkipita namgongea kioo.

"Dada, gari limeharibika?"

"Kichwa chako ndo kimeharibika, kaka Marhoon. Nipishe."

Ijumaa tunakula kwa bibi yetu, Bibi Mwanamize, na kila alichosoma Nasriya anamsomesha Bibi kwa Kiswahili. Anasema Bibi asipofahamu, basi na yeye hajafahamu.

"Bibi, pesa ukiifungia kabatini, kila mwaka inapungua."

"Nani anaichukua?"

"Hakuna anayeichukua, Bibi. Bei za vitu zinapanda."

"Basi anayeichukua mwenye duka."

Nasriya akatoa daftari, akaliandika jibu lile. Wallahi nimeona kwa macho yangu.

Mtihani wa tano haukuwa wa karatasi. Unampeleka mtu wa kweli, anayepumua, unamwandikia mpango wa maisha yake, halafu mnakaa pamoja mbele ya watahini watatu, mnaulizwa nyote wawili. Na ulikuwa lazima ufanywe kabla mwezi kwisha. Mwezi ukimpita, ile minne inafutwa, anaanza moja.

Mtu wake alikuwa Bakhit, mwenye maduka ya mapazia. Siku nne kabla, Bakhit akajitoa. Alikuja kukumbuka kuwa itabidi aandike ana nini hasa, na mkewe hajui.

Tuko kwa Bibi, Nasriya hata wali haushuki. Mie nkajipiga kifua.

"Nichukue mie! Si unataka mtu mwenye mali?"

"Mali gani?" Bibi akauliza.

"Bibi, kiwanja changu cha Qurayyat umekisahau?"

Hakuna mtu katika ukoo wetu asiyekijua kiwanja kile. Nimeshajenga nyumba pale kwa mdomo, chini vyumba vinne, juu roshani ya kutazama bahari. Mwaka jana niliongeza ghorofa. Jambo moja tu sikuwaambia: nilikiuza miaka mitatu nyuma, nkanunua gari la kuvuta magari mabovu, na lile gari sasa ndo linalovutwa. Limelala nyuma ya duka langu, nalilipia kodi ya uwanja.

Nasriya akaja dukani na fomu. Nkamwambia nnachopata, nnachodaiwa, na kwamba nataka mwanangu Malak aingie chuo miaka saba ijayo. Kiwanja nkakiandika kwa mkono wangu, herufi kubwa.

"Mulkiya yake, kaka? Karatasi ya kuwa ni chako."

"Iko nyumbani."

Kesho yake akapiga simu. "Mulkiya?"

"Kabati halifunguki."

Siku ya tatu akaja mwenyewe. "Funguo umeipata?"

"Fundi anakuja."

Akanitazama, akafunga faili. "Haya." Hakuuliza tena, na mie nkajiona mjanja.

Siku ya mtihani nlivaa dishdasha mpya na kofia ya kazi ya mkono, nkajifukiza udi mpaka mlinzi wa mlangoni akapiga chafya. Mkubwa wa watahini ni mama mmoja, ustadha Khawla, miwani imeshuka puani. Nasriya akasema nusu saa nzima. Mie nakaa naskiza maisha yangu, naona kumbe yanaweza kupangika.

Ustadha Khawla akainua fomu.

"Mteja kaandika ana kiwanja Qurayyat. Kwenye mpango wako hakimo. Umekisahau?"

"Sikukisahau."

"Basi kwa nini?"

"Siwezi kusema bila ya ruhusa ya mteja."

"Bi Nasriya, ni mali yake kubwa kuliko zote. Usipotueleza, hatuna namna ya kukupasisha."

Nasriya akatazama meza. Mie hakunitazama hata kidogo. Hapo ndo nkajua kuwa anajua. Angesema neno moja tu, huyu kaka yangu muongo, angepasi. Hakusema. Miaka sita imelala juu ya meza ile, na kiwanja changu kimeikalia.

Mdomo wangu huu, ambao haujawahi kukauka, ulikauka.

"Hakuna kiwanja," nkasema. "Nlikiuza. Nimewadanganya watu wote, na yeye pia."

Mtahini wa kushoto akacheka. Ustadha Khawla hakucheka.

"Ulijua?" akamuuliza Nasriya.

"Nlijua hakina karatasi. Kisicho na karatasi sikiweki, hata kama cha kaka yangu."

"Na mpango unasimama bila yake?"

Akafungua ukurasa wa sita. Gari bovu liuzwe vipande vipande, uwanja urudishwe kwa mwenyewe, na ile kodi, riyali thelathini kila mwezi, iende kwa Malak. "Mtoto atasoma," akasema. "Ghorofa ndo haimo."

Siku kumi zikapita. Nko chini ya dashibodi ya mtu, naskia honi haikati. Nasriya huyo, kaegesha njiani, watu wanamtukana, anapunga karatasi dirishani. Kapasi! Nlipiga kelele mpaka muuza juisi akatoka na kisu.

"Na kwa Bibi?" nkamuuliza.

"Kwa Bibi mie sina la kusema. Siri ya mteja."

"Hata akikuuliza?"

"Hata akinipiga."

Ijumaa ikafika. Gari lile nlikuwa nimeshaliuza, injini peke yake, milango peke yake. Bibi akamwombea Nasriya dua, akala kidogo, halafu akanigeukia.

"Na wewe Marhoon, ghorofa imefika wapi?"

Nasriya akainama kutafuta mwiba kwenye samaki asiye na mwiba.

"Hakuna ghorofa, Bibi. Hata kiwanja hakuna. Nlikiuza zamani."

Bibi akatafuna, akameza.

"Afadhali. Magoti yangu hayakuwa ya ngazi."

Nasriya akanisogezea sahani, akanikatia kipande cha tumbo la samaki, kile ambacho siku zote anakificha chini ya wali ale mwenyewe.